Midhat Pasha na Nyumba za Islahi

 

Katika miji yetu ya pwani hakuna asiyemjua kijana aliyetoka skulini kabla ya wakati wake. Chuoni alisoma juzuu chache, skulini akapita madarasa machache, kisha ama karo iliwashinda wazazi, ama baba alikufa, ama mwenyewe alichoka na kitabu. Asubuhi yuko barazani, adhuhuri yuko ufukweni, na usiku hapana ajuaye yuko wapi. Wakubwa humlaumu, na lawama haijapata kumfundisha mtu kazi. Baadaye likimpata la kumpata, sote hukutana kwa mamake tukisikitika, kisha tukarudi majumbani kwetu.

Kwa sababu hiyo tumeona vyema kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja katika wakuu wa dola ya Kiislamu ya Uthmaniyya. Wengi humkumbuka kwa mambo ya katiba na siasa, na ni wachache wajuao kwamba kabla ya hayo yote alikuwa ni mtu aliyewaokota watoto njiani, akawapa herufi mkono mmoja na ufundi mkono wa pili. Mtu huyo ni Midhat Pasha.

Alizaliwa Istanbul mwezi wa Safar mwaka 1238, sawa na Oktoba 1822. Jina lake la kuzaliwa ni Ahmed Shafiq. Baba yake alikuwa ni mtu wa ilimu aliyefanya kazi ya ukadhi katika miji ya Balkani, na asili ya jamaa zake ni mji wa Ruse, kando ya mto Danube, katika nchi iitwayo leo Bulgaria. Mtoto alihifadhi Qur'ani angali mdogo, umri wake kiasi cha miaka kumi, hata watu wakawa wakimwita Hafidh Shafiq. Kisha akatiwa katika ofisi ya makarani wa serikali, na huko ndiko alikopewa jina la Midhat. Kazi ya ukarani haikumzuia kusoma. Akahudhuria darsa za Kiarabu na Kifarsi katika msikiti wa Fatih.

Twataka msomaji alizingatie jambo hili. Midhat hakuzaliwa katika nyumba ya mawaziri. Alianza kazi mdogo, akajifunza kazi kwa kuifanya, huku akiendelea na ilimu yake. Njia ile aliyoipita mwenyewe ndiyo aliyokuja kuwafungulia wengine.

Akapanda daraja baada ya daraja. Alitumwa Sham kuchunguza mambo ya fedha na forodha, akatumwa Balkani kuchunguza fitina na wizi wa njiani, na kila alipokwenda alirudi na jawabu iliyo wazi. Mwaka 1858, umri wake ukiwa miaka thelathini na sita, alichukua ruhusa akasafiri Ulaya kwa muda wa miezi sita. Alikwenda Paris, London, Brussels na Vienna. Kifaransa alikuwa amejifunza ukubwani, wala hakuona haya kukaa mbele ya mwalimu na ndevu zake. Yaliyomshughulisha huko ni barabara, viwanda, na namna serikali zinavyoendesha mambo ya raia.

Mwaka 1861 akapewa cheo cha Pasha, akafanywa liwali wa Niš, mji ambao leo umo katika nchi ya Serbia. Aliikuta nchi imechafuka. Njia hazipitiki, majambazi wanatamba, na raia wanahamia nchi jirani. Akaanza kwa kuwaita wakubwa wa Waislamu na wa Wakristo, akawasikiliza mashaka yao kabla ya kuwapa amri yoyote. Kisha akajenga barabara na madaraja, na njia zikapata amani.

Hapo ndipo alipowaona watoto. Vita, maradhi na umaskini vilikuwa vimewaacha mayatima wengi, wa Kiislamu na wa Kikristo, wakizurura mitaani. Wengine wakiomba, wengine wakiiba, na wote hawana pa kulala. Mtu mwingine angewafukuza mjini na kesho wangerudi, au angewatia gerezani na huko wangefundishwa wizi ulio bora kuliko ule waliokuwa wakiujua. Au angewapa sadaka siku ya Ijumaa akaona amemaliza haki yao. Midhat Pasha hakuridhika na hata moja katika haya. Alitafuta nyumba, akawakusanya ndani yake, akawapa chakula na nguo, akawawekea walimu na mafundi. Nyumba hiyo ikaitwa kwa Kituruki islahhane, yaani nyumba ya islahi.

Jina hilo lina maana kubwa. Islahi ni kukitengeneza kilichoharibika na kukirudisha katika uzuri wake. Nalo ndilo neno lile lile litumikalo katika Suratul Baqara, katika aya ya 220, mayatima wanapotajwa na waumini wakafahamishwa kuwa kuwatengenezea mambo yao ndiyo kheri. Basi nyumba hii haikuitwa nyumba ya maskini wala nyumba ya wahalifu. Mtoto aliyeingia humo hakuitwa kwa jina la aibu yake, aliitwa kwa jina la lile linalotarajiwa kutoka kwake.

Mwaka 1864 serikali ya Istanbul iliweka kanuni mpya ya majimbo, na jimbo la kwanza kuundwa kwa kanuni hiyo lilikuwa ni jimbo la Danube, makao yake makuu Ruse. Midhat Pasha ndiye aliyefanywa liwali wake, akakaa huko mpaka mwaka 1868. Akafungua nyumba za islahi nyingine, Ruse na Sofia. Na Ruse hakuwasahau wasichana. Nao walifunguliwa nyumba yao, wakafundishwa kazi za kushona na kufuma.

Mpango wa nyumba hizi ulikuwa namna hii. Sehemu ya siku mtoto alikaa darasani, akafundishwa kusoma, kuandika, hisabu na mambo ya dini yake. Sehemu iliyobaki alikuwa katika karakana chini ya fundi. Wako waliojifunza ushonaji wa nguo, wako waliojifunza viatu, na wako waliojifunza kutengeneza ngozi. Na Ruse, ambako liwali alikuwa ameleta mitambo ya kupiga chapa, wako waliojifunza kazi hiyo. Na wengine wakajifunza kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Vitu walivyovifanya vilipata wanunuzi, maana askari wa jimbo walihitaji nguo na viatu, na ofisi za serikali zilihitaji karatasi zilizopigwa chapa. Kwa hivyo mtoto hakufundishwa kazi ya mchezo wala ufundi usiokuwa na soko. Alijifunza kwa kufanya kitu ambacho kuna mtu anakingoja.

Na fedha zilitoka wapi? Swali hili ndilo linaloua mipango yetu mingi, basi ni lazima tulijibu. Hazikutoka katika hazina ya Sultani peke yake. Sehemu ilitoka katika michango ya wenyeji, sehemu katika kodi za majengo na mali zilizowekwa kwa ajili ya nyumba hizo, na sehemu katika mauzo ya kazi za wanafunzi wenyewe. Mali iliyowekwa ikawa inazaa kila mwezi. Wenye kuijua maana ya wakfu wataelewa mara moja. Mwaka 1867 serikali ilitoa kanuni maalumu ya nyumba hizi, na katika miaka iliyofuata majimbo mengine mengi ya dola yakaiga.

Pamoja na watoto, aliwaangalia wakulima pia. Mwaka 1863, katika mji wa Pirot, alianzisha sanduku la mikopo, mtaji wake ukipatikana kwa wanavijiji kulima shamba kwa pamoja na kuuza mavuno. Mkulima aliyekuwa akinyonywa na wakopeshaji akapata kukopa kwa ziada ya asilimia moja kwa mwezi. Ziada hiyo, japokuwa ni ndogo kuliko waliyokuwa wakitozwa, ni jambo ambalo wanavyuoni wana maneno yao juu yake, na sisi hatulipambi. Lakini ule ushirika wa kulima pamoja ili kupata mtaji hauna mwenye kuutia ila. Masanduku hayo ndiyo asili ya benki ya wakulima ya Uturuki, iliyoundwa mwaka 1888 na ipo mpaka leo.

Mfano mmoja wa mtu utatosha kuonyesha matunda ya fikira za Pasha huyu. Palikuwa na kijana aliyezaliwa Istanbul mwaka 1844, baba yake akafa yeye angali mdogo, akatiwa kuwa mwanagenzi katika duka la viungo na dawa katika Soko la Misri la mji huo. Jamaa zake walipohamia Niš alipata kusoma skuli, akamaliza mwaka 1863. Midhat Pasha alimtambua, akampa kazi ya ukarani Ruse, akamhimiza kujifunza Kifaransa, na akampa jina lake mwenyewe. Ndipo kijana akajulikana kwa jina la Ahmed Midhat. Akaja kuwa mwandishi wa gazeti la jimbo, lililoitwa Tuna, ambalo lilianzishwa mwaka 1865 na kuandikwa kwa Kituruki na Kibulgaria. Baadaye akawa mmoja katika waandishi mashuhuri wa dola nzima, akaandika vitabu vingi vya kuwasomesha watu wa kawaida. Akafa mwaka 1912, katika skuli ya mayatima ya Darüşşafaka mjini Istanbul, ambako uzeeni alikuwa akisomesha bila ya malipo. Yatima aliyeshikwa mkono akafa akiwashika mayatima wengine.

Skuli hiyo ya Darüşşafaka nayo ina khabari inayotuhusu. Waliokuja kuiasisi walikuwa ni jamaa wachache wa Istanbul waliofanya chama katika miaka ya 1860. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwasomesha kuandika na hisabu wanagenzi wa Soko Kuu la mji ule, yaani vijana waliokwisha kuiacha skuli na kuingia dukani. Hawakungoja vijana warudi skulini, bali waliwapelekea ilimu karibu na kazi zao.

Turudi kwa Midhat Pasha. Mwaka 1868 aliitwa Istanbul kuwa mkuu wa Baraza la Dola, na mwaka huo huo ikafunguliwa katika mji huo skuli ya ufundi, karibu na msikiti wa Sultan Ahmed. Mwaka 1869 akapelekwa Baghdad kuwa liwali. Akakaa miaka mitatu tu, na katika miaka hiyo akaleta mtambo wa kupiga chapa, akaanzisha gazeti la Zawra, akatengeneza njia ya reli ya magari ya farasi baina ya Baghdad na Kadhimiya, na akafungua skuli ya ufundi kwa mayatima na watoto wa maskini. Ahmed Midhat alifuatana naye, akaandika vitabu vya kusomeshea wanafunzi wa skuli hiyo, maana vitabu vyepesi vya watoto wa namna ile havikuwako. Mwenye kufungua skuli ya ufundi na asifikiri kitabu atakachokisoma fundi, amejenga nyumba bila ya dirisha.

Mwaka 1872 alifanywa Waziri Mkuu, akakaa chini ya miezi mitatu. Mwaka 1876 alikuwa mmoja katika wakuu waliomwondoa Sultan Abdulaziz, na Desemba ya mwaka huo, chini ya Sultan Abdulhamid wa Pili, akafanywa Waziri Mkuu mara ya pili. Tarehe 23 Desemba 1876 ikatangazwa katiba ya kwanza ya dola ya Uthmaniyya, ambayo yeye alikuwa mkubwa wa waliojitahidi kuileta. Lakini Februari 1877 aliondolewa akahamishwa nchi. Akaruhusiwa kurudi mwaka 1878, akafanywa liwali wa Sham, na huko akawasaidia Waislamu wa Damascus na Beirut kufungua skuli za watoto wao.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1881, akiwa liwali wa Izmir, alikamatwa, akashitakiwa kwamba alishiriki kumwua Sultan Abdulaziz. Wengi katika wanahistoria hawaukubali ushahidi uliotolewa katika kesi ile. Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa Ta'if, karibu na Makka. Mwezi wa Rajab 1301, tarehe 8 Mei 1884, alinyongwa gerezani usiku. Mwaka 1951 mifupa yake ilihamishwa ikazikwa Istanbul. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hatusemi kwamba alikuwa hana kasoro. Alikuwa ni mtu wa haraka, na mkono wake ulikuwa mzito juu ya Wabulgaria walioinuka kutaka uhuru wao. Mpango wake wa kuwasomesha watoto wa Kiislamu na wa Kikristo katika skuli moja haukukubaliwa, kwa kuwa Wabulgaria waliogopa kupoteza lugha yao na dini yao, na mtu aogopaye kwa ajili ya dini ya mwanawe hana wa kumlaumu. Tena nyumba za Niš, Ruse na Sofia hazikudumu katika mikono ya walioziasisi, kwani vita vya mwaka 1877 na 1878 viliitoa nchi ile katika utawala wa Istanbul. Lakini fikira haikufa. Skuli nyingi za ufundi za Uturuki ni kizazi cha nyumba zile, na Izmir iko mpaka leo skuli ya ufundi yenye jina la Midhat Pasha.

Sasa tujitazame. Sisi wa pwani hatukukosa mfano wetu wenyewe. Mwaka 1951 Mombasa ilianza kusomesha wanafunzi katika Chuo cha Elimu ya Kiislamu, kilichojulikana kwa watu wote kwa jina la MIOME, kilichojengwa kwa michango ya Aga Khan, ya Sultani wa Zanzibar, ya Mabohora na ya serikali ya wakati ule, ili vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Chuo hicho kikageuka kuwa taasisi ya ufundi mwaka 1966, kikawa Politekniki mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kukua huko ni fakhari. Lakini kila chuo kinapopanda daraja, na sharti za kuingia hupanda pamoja nacho, na yule kijana wetu wa barazani akabaki chini akitazama juu. Viko vyuo vya ufundi vya vijijini na mitaani, ambavyo Katiba ya 2010 imevikabidhi serikali za kaunti, navyo vingi vina nafasi. Kisichokuwako ni mtu wa kumshika mkono kijana akampeleka.

Mafunzo tunayoyapata ni haya. Kwanza, tuache kuudharau ufundi. Nabii Daud alikuwa akitengeneza deraya kwa mkono wake, na Nabii Zakaria alikuwa seremala, amani iwe juu yao. Basi ni nani sisi hata tuone aibu mtoto wetu kushika randa? Yuko baba ambaye ni radhi mwanawe akae bure na shati jeupe kuliko kumwona na mafuta ya gari mikononi, na bado hujiita mwenye mapenzi na mwanawe.

Pili, tusiutenge ufundi na ilimu. Fundi asiyejua hisabu hudhulumiwa au hudhulumu, na fundi asiyejua dini hukosa amana, akachukua kitambaa cha watu na siku ya ahadi akajificha.

Tatu, tusitegemee mtu mmoja. Ubora wa Midhat Pasha ulikuwa ndio udhaifu wa kazi yake pia, kwani alipohamishwa yeye mengi yalilegea. Kazi ya islahi yataka kamati inayotoa hisabu zake hadharani, na yataka mali iliyosimama. Misikiti yetu mingine ina maduka na nyumba za wakfu. Panapowezekana kwa sharti za waliofanya wakfu, na kwa fatwa ya wanavyuoni, sehemu ya ziada ya mapato ielekezwe kuwalipia vijana ada ya chuo cha ufundi na vyombo vya kuanzia kazi. Na mwenye mali leo aweza kufanya wakfu mpya kwa nia hiyo hasa. Cherehani moja iliyotolewa kwa njia ya Mungu ni sadaka inayotembea kila siku.

Nne, wenye karakana mjini, mafundi seremala, mafundi magari, mafundi umeme na washonaji, kila mmoja achukue mwanagenzi mmoja asiyekuwa na mtu, amfundishe kwa mkataba ulio wazi, wala asimfanye mtumwa wa kuchemsha chai miaka mitatu bila ya kumwonyesha kazi. Nasi wa darsa tuko tayari kuwasomesha wanagenzi hao kusoma, kuandika na hisabu baada ya sala ya Isha, kama walivyofanya jamaa wa Istanbul kwa vijana wa Soko Kuu.

Ndugu Waislamu, kijana aliyeacha skuli hakuacha kuwa amana yetu. Siku ya Kiyama hatutaulizwa yeye alikuwa mvivu kiasi gani. Tutaulizwa sisi tulimfanyia nini naye alikuwa akipita mbele ya milango yetu kila siku. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wanaotengeneza na wala si katika wanaoharibu, awarehemu waliotutangulia katika kheri, na awaongoze vijana wetu katika njia iliyonyoka. Amin.